Vitamini E iliyofungwa mdomo: jinsi saksineti yake inavyoifanya seli ya saratani ijiue

Fundi wa Sahani · #1

Wakuu, salama?

Kuna uzi humu ulikuwa unabishania kama vitamini E inatibu saratani, ukafungwa watu walipoanza kutukanana. Nimeona nifungue mwingine, kwa sababu niliposoma kurasa zote nane niligundua kambi mbili zile zilikuwa zinagombania vitu viwili tofauti zikidhani ni kimoja.

Nijitambulishe kidogo. Mimi si daktari. Nimekuza seli maabara kwa miaka kadhaa na wagonjwa wangu wote wanaishi kwenye sahani za plastiki, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37. Kwa hiyo mtu asije kunifuata pembeni kuomba dozi.

Mwaka 1922, Herbert Evans na Katharine Bishop waliokuwa Berkeley, California, waliona kwamba panya waliokosa kitu fulani kwenye chakula walishika mimba vizuri tu, ila vitoto vikafia tumboni. Wakiongezewa majani ya saladi, mimba zinafika. Kitu hicho kikaja kuitwa vitamini E, na jina lake la kikemia, tokoferoli, limetoka kwenye maneno ya Kigiriki ya kuzaa na kubeba. Vitamini ya uzazi. Likumbukeni hilo, kwa sababu tunakokwenda ni kwenye kuua.

Tokoferoli ina kichwa na mkia. Mkia ni mrefu, wa mafuta, unajichomeka kwenye utando wa seli. Kichwani kuna oksijeni moja na haidrojeni moja zilizoshikana, na hapo ndipo sifa yake yote ilipo: ikikutana na radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza na inayopora kila inachokigusa, vitamini E inaipa haidrojeni yake na fujo zinaisha. Ndiyo maana inaitwa antioksidanti.

Sasa chukua asidi saksiniki (saksineti), ifunge palepale kwenye ile oksijeni. Mdomo umezibwa. Haiwezi tena kumpa mtu haidrojeni. Unachopata kinaitwa alfa-tokoferili saksineti, sisi maabara tunaiita TOS. Mwaka 1982 Kedar Prasad na Judith Edwards-Prasad, Marekani, waliimwagia seli za saratani ya ngozi ya panya aina ya melanoma. Seli zikabadilika umbo na kuacha kukua. Aina nyingine za vitamini E walizozijaribu hazikufanya hivyo.

Mara ya kwanza nilipoijaribu mwenyewe niliweka mikromola 50 jioni nikaenda kulala. Asubuhi nikaweka sahani chini ya hadubini. Seli ambazo jana zilikuwa zimejitandaza kama mayai ya kukaanga zilikuwa zimejikunja, zimekuwa vidonge, na pembeni zinatoa mapovu kama maji yanayoanza kuchemka. Sahani ya jirani, iliyopewa tokoferoli ya kawaida kwa kiwango kilekile, ilikuwa imejaa seli zenye afya, zinagawanyika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tofauti ya sahani hizo mbili ndiyo mada yangu. Kinachoua ni vitamini E iliyonyang'anywa kazi yake. Karibuni.

Pilipili Kichaa · #2

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Mzee wa Hoja · #3

Mkuu Fundi, umeandika vizuri ila kuna kitu hakijakaa sawa. Kumfunga mtu mdomo hakumfanyi awe muuaji. Ukiizuia isitoe haidrojeni, basi ingekuwa tu haina kazi, imekaa kwenye utando kama mzigo. Nguvu ya kuua inatoka wapi?

Fundi wa Sahani · #4

Mzee wa Hoja, hilo ndilo swali lenyewe, na watafiti walihangaika nalo zaidi ya miaka ishirini. Twende ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli.

Kwenye utando wa ndani wa mitokondria kuna mnyororo wa protini unaopokezana elektroni, moja inampa mwenzake, mpaka mwisho zinakabidhiwa oksijeni na kuwa maji. Kiungo cha pili cha mnyororo huo kinaitwa kompleksi II. Kazi yake ni kunyofoa elektroni kutoka kwenye saksineti, ndiyo, saksineti ileile, inayotengenezwa na seli yenyewe inapounguza chakula. Elektroni zinapita kwenye vituo vya chuma na salfa, kisha zinapandishwa kwenye mbebaji anayeitwa ubikwinoni, ambaye anazisogeza mbele.

Ubikwinoni ina kiti chake maalumu kwenye kompleksi II. Kundi la Jiri Neuzil, lililofanya kazi kati ya Australia na Prague, lilionyesha mwaka 2008 kwamba TOS inakalia kiti hicho. Abiria halali anafika, anakuta kuna mtu amekaa.

Fikirieni kinachofuata. Elektroni zinaendelea kutolewa kwenye saksineti, zinafika kituoni, mbebaji hana nafasi. Oksijeni iko jirani, na oksijeni haijawahi kukataa elektroni. Inachukua moja na kuwa supaoksaidi, radikali huru mama wa matatizo.

Kwa hiyo molekuli iliyozaliwa kuzima moto, ukiiziba mdomo, inakwenda kukaa mahali panapowasha moto. Na haiwezi kuuzima yenyewe, kwa sababu kifaa cha kuzimia ndicho ulichokifunika.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote: kuna seli za mnyama wa maabara aitwaye hamsta ambazo kompleksi II yao ni mbovu, zimekosa kipande kimoja kiitwacho SDHC. Ukizimwagia TOS zinakutazama tu, zinakufa chache sana. Zirudishie kipande hicho kwa kupandikiza jeni yake, zinaanza kufa. Ukisikia mtu anasema amepata shabaha ya dawa, muulize kama amefanya jaribio la namna hiyo.

Nyuki Jike · #5

Nimefundisha kemia, acheni nichangie upande wa umbo maana ndipo utamu ulipo.

Molekuli hii igaweni vipande vitatu. Mkia wa mafuta, unaoiingiza kwenye utando. Pete ya katikati, yenye vikundi vya methili. Na kile kipande cha asidi kilichoongezwa. Watu walijaribu kubadilisha kimoja kimoja waone nini kinaharibika. Ukifupisha sana mkia, haiingii vizuri kwenye utando, nguvu inapotea. Na ukiifunika ile ncha ya asidi isiweze kubeba chaji hasi, nguvu inaisha kabisa.

Hapo ndipo mjue kwa nini asetati haifanyi kitu. Alfa-tokoferili asetati nayo imezibwa mdomo, sawasawa na saksineti, ila kifuniko chake hakina ncha ya asidi. Kwa hiyo Mzee wa Hoja alikuwa sahihi kwa nusu: kuziba mdomo peke yake hakutoshi, lazima kifuniko kiwe na chaji.

Mzee wa Hoja · #6

Nimekubali. Sasa supaoksaidi imetoka, seli inakufaje? Maana radikali huru zipo kwenye kila seli kila siku na hatufi.

Fundi wa Sahani · #7

Nyuki Jike asante, umenipunguzia kazi.

Mzee wa Hoja, seli haifi kwa kuungua. Inaamua kufa. Neno lake ni apoptosisi, lililoletwa na Kerr, Wyllie na Currie mwaka 1972 kutoka Kigiriki, maana yake ni kama majani yanavyopukutika mtini. Kila seli yako ina vifaa vya kujiua, vimekaa tayari vimefungwa pingu. Kikulacho ki nguoni mwako, hapa ni kweli neno kwa neno.

Wanaoshika funguo za pingu ni familia ya protini iitwayo Bcl-2. Humo ndani kuna wanaozuia, kama Bcl-2 mwenyewe na Bcl-xL, na kuna wanaotoboa, Bax na Bak. Supaoksaidi ikizidi, Bak na Bax wanaungana na kutoboa utando wa nje wa mitokondria. Wakati huohuo mafuta maalumu ya utando wa ndani yaitwayo kadiolipini, ambayo kwa kawaida yameishikilia protini iitwayo sitokromu c, yanaoksidishwa na kuiachia. Tundu lipo, mfungwa kaachiwa, anatoka.

Sitokromu c ndani ya mitokondria ni kibarua mwaminifu wa kubeba elektroni. Ikitoka nje inakuwa hati ya kifo. Inaungana na protini iitwayo Apaf-1, wanaamsha kimeng'enya kiitwacho kaspesi 9, nayo inaamsha kaspesi 3, na huyo ni mkasi. Anakata protini za mifupa ya seli, anafungulia kimeng'enya kinachokata DNA vipande vipande. Yale mapovu niliyoyaona asubuhi ile ni seli iliyokatwa mifupa yake. Halafu inajipanga kwenye vifurushi ili majirani waimeze bila kuzusha vurugu ya kinga ya mwili. Kifo cha kistaarabu kabisa.

Na TOS haiishii kwenye kiti cha ubikwinoni. Imeonyeshwa pia kwamba inajibana kwenye Bcl-2 na Bcl-xL, yaani inawashika mikono walinzi huku inaongeza kelele mlangoni. Kuna na njia nyingine zilizoripotiwa, za seramaidi na za kipokezi Fas kilicho juu ya seli, nikizifungua zote tutakesha.

Jambo la kuongeza: inaua hata seli zilizopoteza p53. Hii ndiyo protini ambayo karibu nusu ya saratani za binadamu zimeiharibu, na dawa nyingi za kemo zinaitegemea. Hapa inarukwa.

Asiyejua Haulizi · #8

Swali la mtoto wa darasa la kwanza. Seli zangu nzima nazo zina mitokondria na kompleksi II. Kwa nini zenyewe zisife?

Fundi wa Sahani · #9

Hilo si swali la darasa la kwanza, hilo huulizwa na watahini kwenye utetezi wa tasnifu na watu wanatoka jasho.

Seli nzima nyingi zina vimeng'enya viitwavyo esterasi. Esterasi inaikata TOS pale ilipofungwa, na unajua kinachobaki? Tokoferoli na asidi saksiniki. Vitamini na chakula. Sumu imegeuka kuwa kinga ndani ya seli ileile. Seli nyingi za saratani zina esterasi chache, kwa hiyo TOS inabaki nzima.

Pia seli ya saratani inaishi karibu na ukingo. Radikali huru zake ziko juu tayari kwa sababu ya mwendo wake wa kukua, na ulinzi wake mara nyingi ni dhaifu, kwa hiyo msukumo mdogo unaitosha kuivusha.

La mwisho linahusu uchachu. Uvimbe unajimwagia asidi nje, pH inashuka hata 6.5 wakati damu yako iko 7.4. TOS ni asidi dhaifu. Kwenye mazingira machachu sehemu kubwa zaidi yake inapoteza chaji na kupenya utando kirahisi, kisha ikishaingia ndani ambako hakuna uchachu ule inaipata chaji yake tena.

Na ukitaka mfano mzuri wa seli nzima: seli za kuta za mishipa ya damu zilizotulia haziguswi, ila zilezile zikiwa zinagawanyika kujenga mishipa mipya ya kulisha uvimbe, zinakufa. Panya wenye uvimbe wanapigwa kwa pande mbili.

Kamanda wa Afya · #10

Kwa hiyo kifupi vitamini E inaua saratani, sayansi imethibitisha. Nilisema kwenye ule uzi mkanitukana. Anzeni kumeza vidonge ndugu zangu, kinga ni bora kuliko tiba.

Nyuki Jike · #11

Kamanda, umesoma kweli au umeruka mpaka chini?

Fundi wa Sahani · #12

Kamanda, sikutukani, ila hapana, na nitakuonyesha kwa watu, sio kwa sahani zangu.

Finland walichukua wanaume wavutaji sigara 29,133 wakawapa baadhi yao miligramu 50 za vitamini E kila siku, kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalitoka 1994: saratani ya mapafu haikupungua. Ya tezi dume ilionekana kupungua karibu theluthi moja, na watu wakashangilia kama wewe sasa hivi.

Basi Marekani na Kanada wakafanya jaribio kubwa kuhakikisha, linaitwa SELECT. Wanaume 35,533, vitamini E yuniti 400 kwa siku. Vidonge vilisimamishwa 2008 kwa kuwa faida haikuonekana. Walipoendelea kuwafuatilia, mwaka 2011 ikaripotiwa kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Zaidi, mkuu. Sio pungufu.

Mwaka 2014 watafiti wa Sweden wakawapa vitamini E panya waliokwisha kuwa na saratani ya mapafu. Uvimbe ukakua haraka zaidi na panya wakafa mapema. Ukirudi kwenye posti yangu ya #9 utaelewa: seli ile inaishi ukingoni kwa sababu ya radikali huru. Ukiimwagia antioksidanti umeivuta kutoka ukingoni, umeipa blanketi.

Vidonge vya SELECT vilikuwa asetati. Tumboni asetati inakatwa na unabaki na tokoferoli, kizima moto. TOS inawasha moto. Majina yao yanafanana, kazi zao zinapingana.

Kamanda wa Afya · #13

Sawa, nimekaa. Ila ungesema mapema.

Pilipili Kichaa · #14

Alisema mapema, posti ya kwanza mstari wa mwisho 😂

Mama Wawili · #15

Jamani nimesoma kimya kimya toka jana. Namuuguza bimkubwa wangu, ana saratani ya titi na yuko kwenye kemo. Ndugu mmoja alimletea kopo la vitamini E akasema hii ni ile maalumu. Nimekwenda kulisoma sasa hivi na limeandikwa saksineti. Sio asetati, saksineti kabisa. Je, hii si ndiyo unayoisema?

Fundi wa Sahani · #16

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza.

Umefanya vizuri kusoma kopo, wengi hawasomi. Ndiyo, molekuli iliyomo ni ileile ninayoiweka kwenye sahani. Viwanda vinaiuza hivyo kwa sababu ni unga mkavu usioharibika, tokoferoli tupu ni mafuta mazito na huharibika kwa hewa. Ila fuata safari yake. Inamezwa, inafika utumbo mdogo, na hapo esterasi ziko tele. Inakatwa kabla haijaingia mwilini. Kinachofika kwenye damu ya mama ni tokoferoli ya kawaida pamoja na saksineti kidogo ambayo mwili unaiunguza kama chakula. Kwa panya ilipofanya kazi ilichomwa kwa sindano, mara nyingi ndani ya tumbo, ili ikwepe utumbo.

Kwa hiyo kopo hilo, licha ya jina lake, litamfanyia mama kazi ya kopo la asetati. Na yuko kwenye kemo. Baadhi ya dawa za kemo zinafanya kazi kwa radikali huru hizohizo. Tena vitamini E kwa dozi kubwa inaingilia kazi ya vitamini K, damu inachelewa kuganda, na kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hatari inaongezeka.

Usilitupe wala usimpe. Libebe, siku ya kliniki liweke mezani kwa daktari wake wa saratani na umwambie ameanza lini na anameza vidonge vingapi. Wauguzaji wengi wanaficha vitu hivi wakiogopa kufokewa. Afadhali ufokewe.

Mama Wawili · #17

Ahsante kaka. Ameshakunywa kama wiki mbili. Kliniki ni keshokutwa, nitalibeba.

Mzee wa Hoja · #18

Mama Wawili, Mungu amjalie mama nafuu.

Fundi, nirudi kwenye kazi yangu ya kupinga. Tangu 1982 ni zaidi ya miaka arobaini. Kama hiki kitu ni kizuri hivyo, kwa nini hospitali hakipo? Usiniambie kampuni zinaficha.

Fundi wa Sahani · #19

Siwezi kukuambia hivyo, kwa sababu nimewahi kujaribu kuiyeyusha.

TOS na maji ni maadui. Mwezi mzima wa kwanza matokeo yangu yalikuwa yanaruka kama panzi, leo inaua asilimia themanini, kesho kumi. Nikalaumu seli, nikalaumu kabati, nikamlaumu hadi mwenzangu wa zamu. Kumbe dawa ilikuwa inaganda na kutua chini ya sahani kama mchanga. Mimi nilikuwa na sahani ya kutupa. Ukiichoma kwenye mshipa wa mtu ikagandia humo, hutupi kitu. Na hata kwa panya picha haikuwa nzuri kila mara, zipo kazi ambazo wanyama wenye kinga kamili ya mwili walidhurika wakati uvimbe haukupungua.

Ndipo watu wakaanza kuirekebisha. Kimberly Kline na Bob Sanders wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walibadilisha kifungo: badala ya esta, ambayo esterasi inaikata, wakaweka etha, ambayo haikatiki hivyo. Ikaitwa alfa-TEA. Hiyo ilifanya kazi kwa panya hata ikilishwa kwa mdomo.

Kundi la Neuzil nao wakaenda njia nyingine ninayoiona ya kijanja zaidi. Ndani ya mitokondria kuna chaji hasi kali, milivolti 150 hadi 180. Wakaifunga TOS kwenye kipande chenye chaji chanya kiitwacho trifenilifosifoniamu, kikajivuta chenyewe ndani. Kila milivolti 60 zinakuongezea mkusanyiko mara kumi, pigeni hesabu wenyewe. Ikaitwa MitoVES, na kwenye sahani inatosha dozi ndogo kwa makumi ya mara kuliko TOS. Kundi hilohilo walitumia kipande hicho chenye chaji chanya kwa tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi ya siku nyingi, wakapata MitoTam, na hiyo imefika kwenye majaribio ya awali kwa binadamu huko Prague. Vitamini E ilifungua njia, tamoksifeni ikatangulia kupita.

Nyuki Jike · #20

Fundi, nina moja linanisumbua. Kuna uvimbe wa nadra uitwao paraganglioma, ambao baadhi yake hutokana na mtu kurithi jeni mbovu za kompleksi II yenyewe. Hao kiti cha ubikwinoni kimevunjika tangu mwanzo. TOS itakalia wapi?

Fundi wa Sahani · #21

Haitakalia popote. Ndio wale hamsta wangu wa #4. Kwa wagonjwa hao ningetarajia dawa ya namna hii igonge mwamba, angalau kwa njia ya kompleksi II. Njia ya Bcl-2 labda ingebaki. Nina seli za aina hiyo kwenye friza, sijawahi kuzitoa.

Nyuki Jike · #22

Zitoe basi.